Shajara ya kabureta: Honda CG125 iliyoliwa nyuzi

Jumatatu

Pikipiki iliyoingia kibandani leo, hapa Bondeni, Nakuru, ni Honda CG125 ya zamani. Mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi kule Njoro. Kabla yake ilikuwa ya babake, sasa marehemu, aliyezunguka nayo mashambani miaka mingi akichanja ng'ombe. Lalamiko ni moja: kabureta, kile kifaa kinachoichanganyia injini petroli na hewa, inavuja. Ikilala bila bomba la tangi kufungwa, asubuhi sakafu ina doa na chumba kizima kinanuka petroli.

"Fundi," ameniambia, "kila ninayempelekea anaikaza, inatulia kidogo, halafu inaanza tena."

Maneno hayo yamenitosha kujua nianzie wapi. Skrubu za bakuli la kabureta, lile la chini linaloweka petroli, hazizuii petroli. Kinachozuia ni ule mpira mwembamba wa duara unaokaa kwenye mfereji kati ya bakuli na mwili wa kabureta. Kazi ya skrubu ni kushikilia tu. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu na bapa, petroli inapita pembeni, na mtu anakimbilia bisibisi. Anakaza leo, anakaza kesho, mpaka chuma laini cha kabureta kinashindwa. Nyuzi, yaani mikato ya ndani ya tundu inayoshika skrubu, zikishaliwa, bakuli linaning'inia upande mmoja na uvujaji unazidi. Kabureta nyingi zinazotupwa hapa mjini zimeuawa hivyo, na mpira wa bei ndogo ungeziokoa.

Nimefunga bomba la tangi, nikamwaga petroli iliyobaki bakulini, nikaitoa kabureta na kuisugua nje kwa mafuta ya taa kabla ya kufungua chochote. Vumbi la Nakuru ni jepesi na linapenya kila mahali. Ukifungua kabureta chafu, linaingia moja kwa moja kwenye vijia vya jeti, vile vitundu vinavyopima petroli.

Hali ndani ni hii. Tundu moja la skrubu ya bakuli nyuzi zake zimeliwa zote. Skrubu inaingia na kutoka bila kuzungushwa. Tundu jingine lina kitu kibaya zaidi. Mtu alilisukumia skrubu ya mabati, ile ya kuezekea, ikaingia kwa mshazari na kulifanya lirefuke upande. Masikio ya bakuli yamepinda kidogo kwa kukazwa. Kifuniko cha juu, kinachoshika kebo ya mafuta na slaidi (kipande kinachopanda na kushuka kufungua njia ya hewa), kiliwahi kufungwa kikiwa kimekaa upande, kwa hiyo uzi wa kwanza wa mwilini, pale kinapofungwa, umelala.

Vichwa vya skrubu zilizobaki vimeliwa pia. Skrubu hizi ni za kipimo cha Kijapani. Zinafanana na zile za nyota tulizozoea, lakini bisibisi ya nyota ya kawaida haiketi vizuri ndani yake. Ukizungusha kwa nguvu inapanda na kukwangua kichwa. Bisibisi yenye ncha ya Kijapani ninayo, na ndiyo imezitoa zote bila kutoboa hata moja.

Mazuri nayo yapo. Njia ya hewa haina mikwaruzo, slaidi inapanda na kushuka bila kucheza, sindano yake ya kupimia petroli imenyooka. Mwili huu una maisha.

Jumanne

Nimejadiliana na jirani yangu wa kuchomelea. Yeye anashauri tujaze matundu kwa gesi kisha tutoboe upya. Nimekataa, na nikamwonyesha sababu kwa mizani ya duka la nafaka na kikombe cha kupimia. Tumepima uzito wa mwili mtupu, tukauzamisha majini na kusoma maji yalipanda kiasi gani. Alumini ina karibu gramu 2.7 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Mchanganyiko wa zinki unaotumika kumwagia kabureta una kama 6.7. Huu wetu umeangukia upande wa zinki bila shaka. Zinki ya namna hii inayeyuka kwenye nyuzijoto karibu 385, wakati alumini inangoja hadi 660. Moto wa gesi ungeyeyusha sikio zima kabla ya mwenye mpini kuona rangi ikibadilika. Tena moshi wa zinki si wa kuvuta.

Mwalimu amepiga simu kuuliza kama si bora kununua kabureta mpya ya Kichina. Swali ni la haki. Honda ilitoa CG125 mwaka 1976 ikizilenga nchi ambako pikipiki hubebeshwa mzigo mzito na mafuta ya injini hucheleweshwa kubadilishwa. Ndiyo maana vali zake zinasukumwa kwa fito badala ya mnyororo. Viwanda vya China vikaiga injini hiyo kwa wingi, na tangu serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za injini iliyo chini ya cc 250 mwaka 2008, mitaa yetu imejaa jamaa zake. Kwa hiyo kabureta ya kuingia pale ipo katika kila duka la vipuri, na bei yake ni ndogo.

Kuingia pale hakutoshi. Ukubwa wa jeti, mteremko wa sindano na mkato wa slaidi vilipangwa pamoja kwa injini hii. Nimeshaona CG ya zamani iliyowekewa kabureta ya bei rahisi: inawaka vizuri, inatembea vizuri tambarare, halafu ukifungua mafuta ghafla kwenye kilima inasita kama inayotaka kuzima. Nilimweleza Mwalimu hayo yote, nikamwambia pia kwamba uamuzi ni wake.

"Tengeneza hiyo hiyo," akasema. "Mpya nitanunua ikishindikana."

Jumatano

Leo ni vipimo na kuagiza vifaa.

Skrubu ni M4, yaani unene wa milimita 4, na hatua ya uzi, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi mwingine, ni 0.7. Tundu halijatoboka hadi upande wa pili. Kinundu cha chuma kinacholizunguka kina kipenyo cha karibu milimita 9. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachoamua kila kitu, kwa sababu chuma unachokitoa hakirudi.

Njia ya haraka ni kupanda hadi M5: unatoboa kwa biti ya 4.2, unapitisha tapu, kile chuma cha kukatia nyuzi, ya M5 yenye hatua 0.8, umemaliza. Wengi hufanya hivyo na inashika. Shida yake ni kwamba tundu la bakuli nalo lazima lipanuliwe, kichwa cha skrubu kinakuwa kikubwa kuliko kikalio chake, na bakuli moja linabaki na skrubu za saizi mbili. Fundi atakayefuata atazichanganya.

Njia ya pili ni koili ya waya, ile inayojulikana kama Helicoil. Unapanua tundu, unapitisha tapu yake maalumu, kisha unazungushia ndani koili ya chuma kisichoshika kutu ambayo upande wake wa ndani ni M4 ile ile ya kiwandani. Kwa kipenyo tundu linafika karibu 4.9, kwa hiyo chuma kinachotoka ni karibu sawa na cha M5. Tofauti ni kwamba skrubu ya asili inabaki, na nyuzi mpya ni ngumu kuliko zilizotoka. Kwa tundu la kwanza nimechagua hii.

Tundu la skrubu ya mabati halifai koili. Koili inahitaji tundu la duara, na lile limekuwa yai. Pale nitaziba kwa shaba njano.

Seti ya koili za M4 sikuipata madukani hapa, ila nimeipata Kirinyaga Road, Nairobi. Inakuja kesho na matatu.

Jioni nimenunua mipira ya bakuli kutoka maduka mbalimbali, nikaikata vipande vidogo na kuviloweka kwenye petroli, kila kimoja na kichupa chake.

Alhamisi

Vipande vya mipira kwanza. Kimoja kimevimba usiku mmoja na kulainika kama ubani uliotafunwa. Mwenye duka aliniapia kwamba ni cha petroli. Vingine vimebaki na unene wao, na vikibinywa vinarudi. Mpira unaofaa ni ule wa nitraili, na kwa macho huwezi kuutofautisha na mpira wa bomba la maji. Vyote ni vyeusi. Kichupa na usiku mmoja vinatosha kukuambia ukweli.

Koili zimefika saa nne. Kabla ya kutoboa nimetoa jeti zote, boya na sindano yake, nikaziba kila kijia kwa grisi nzito. Chembe moja ya zinki ikiingia kwenye jeti ya mwendo mdogo, utahangaika nayo kuliko nyuzi zenyewe.

Mwili umebanwa kwenye drili ya meza kati ya vipande viwili vya mbao laini. Nimefunga utepe kwenye biti kuonyesha kina, nikashusha mkono bila haraka. Tundu hili lina mwisho, na nyuma ya mwisho huo ni ukuta wa chumba cha petroli. Ukiupita, kabureta imekwisha.

Tapu nimeizungusha kwa mkono, tone la mafuta ya taa kila mara: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili chembe zikatike zisijae. Zinki hukatika vizuri ukiwa na subira, ila haivumilii tapu iliyoinama. Kijana ninayemfundisha amekaa upande wa pili akiitazama kwa gonia ndogo na kuniambia ikianza kulala. Kwa tundu lenye mwisho unahitaji tapu ya kumalizia, isiyochongoka, la sivyo nyuzi za chini hazikatiki na skrubu inagota kabla ya kubana.

Koili imeingia hadi ikazama nusu uzi chini ya uso. Ikibaki juu inanyanyua bakuli na uvujaji unarudi. Ule mkia wake mdogo wa kushikia nimeuvunja kwa pigo dogo, kisha nimeutoa kwa kibanio chembamba. Sumaku haisaidii hapo, kwa sababu chuma cha koili hizi kwa kawaida hakinaswi. Nimempa kijana skrubu ajaribu. Ameizungusha kwa vidole hadi mwisho na uso wake ukabadilika. Ni raha ya kweli kusikia uzi mzuri ukiingia.

Ijumaa

Siku ya tundu bovu.

Nimekwenda kwa mzee mmoja wa kukereza vyuma karibu na barabara ya viwandani, nikamkuta anakula. Nikamsalimu, nikangoja amalize. Ameichukua kabureta, akaigeuza mkononi muda mrefu bila kusema neno.

"Aliyefanya hivi alikuwa na haraka," akasema. "Wewe una haraka?"

"Hapana, mzee."

"Basi tutaitengeneza."

Nilikuwa nimepanga tukereze kidude chenye M6 nje na M4 ndani, kiingie kikiwa tayari. Mzee amekataa, na hoja zake zimenishinda. Kwanza, ukuta wa shaba kati ya nyuzi za nje na za ndani ungebaki karibu nusu milimita. Ungepinda wakati wa kuuingiza. Pili, tundu limehama kutoka mahali pake. Kidude kingekaa katikati ya tundu bovu, wakati skrubu inataka katikati ya tundu la zamani.

Kwa hiyo amefanya hivi. Amelinyoosha lile yai kwa kikataji cha ubapa badala ya biti ya kawaida, maana biti hufuata tundu lililopo hata kama limepinda. Limefika duara ya milimita 5, ambayo ndiyo saizi ya kutoboa kwa tapu ya M6 yenye hatua 1.0. Kwa kuwa alilivuta kurudi upande wa kikao cha asili, ukuta mwembamba kuliko wote umebaki na zaidi kidogo ya milimita 1. Unatosha. Kisha amekereza kijiti kizima cha shaba njano, M6 nje, bila tundu ndani. Tumekisafisha kwa petroli hadi kikakauka bila mafuta yoyote, tukapaka ile gundi ya kufungia nati isiyoogopa petroli, tukakiingiza hadi chini, tukakata kilichozidi na kukisawazisha kwa tupa laini hadi uso wa shaba na wa zinki ukawa mmoja.

Gundi tumeiacha ikauke vya kutosha. Tumekunywa chai, akanieleza habari za mashine yake.

Halafu ndiyo ikaja hatua niliyoipenda. Tumeweka bakuli mahali pake, likashikwa na skrubu za matundu mazima, na tundu la bakuli lenyewe likatumika kuelekeza ncha ya kuwekea alama kwenye shaba. Alama imeangukia pale kiwanda kilipopakusudia, wala si katikati ya kijiti. Tumetoboa kwa biti ya 3.3, tukapitisha tapu ya M4. Shaba njano hukatika vizuri kuliko zinki na haishikani na skrubu.

Malipo aliyotaka ni madogo kuliko kazi yake. Nimeongeza.

Jumamosi

Masikio ya bakuli. Nimelaza kioo kinene mezani, msasa wa 400 juu yake ukiwa umeloweshwa, nikasugua uso wa bakuli kwa mizunguko mipana hadi mng'ao ukaenea kote. Kabla ya hapo kioo kilionyesha mwanga chini ya sehemu ya katikati, sasa hakuna. Ni kazi ya kusimama mara kwa mara na kutazama, kwa sababu ukisugua mno mfereji wa mpira unapungua kina.

Uzi wa kifuniko cha juu nimeurudisha kwa njia ya zamani. Nilikuwa na kifuniko kizima kutoka kabureta mbovu ya aina hiyo hiyo. Nimekikata mifereji mitatu kwa msumeno wa chuma kukatiza nyuzi zake, nikasafisha kingo, kikawa tapu ya aina yake. Ule uzi uliolala nimeuinua kwanza kwa tupa ndogo ya pembe tatu, kisha nimekizungusha kifuniko hicho kwenda na kurudi kwa mafuta mepesi. Kuna wanaopendekeza kutumia unga wa kusagia vali mahali hapa. Mimi siukaribishi unga wowote wa kusaga karibu na slaidi. Ukibaki kidogo tu utakula njia ya hewa kila unapofungua mafuta.

Baada ya hapo ni kuosha: petroli safi, upepo wa kompresa katika kila kijia, kuangalia mwanga ndani ya kila jeti, kuosha tena.

Kijana amependekeza skrubu za kukazwa kwa ufunguo wa pembe sita kwa kuwa hazikwanguki vichwa. Ni kweli hazikwanguki, lakini ufunguo ule una mkono mrefu, na mtu anayekaza hasikii anachokifanya. Nimeweka mpya za asili. M4 kwenye chuma hiki inataka karibu nyutoni-mita 2, ambayo ni vidole vitatu kwenye bisibisi fupi, kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, hadi bakuli likae sawa.

Jumapili

Baada ya ibada nimeifunga kabureta kwenye jiliwa, nikaning'iniza chupa ya petroli juu yake na kutandaza gazeti chini, nje ya kibanda, mbali na moto. Jioni gazeti kavu. Nimefunika na kuacha chupa ndogo iendelee kusukuma usiku mzima.

Jumatatu tena

Gazeti kavu.

Imerudi kwenye pikipiki na kuwaka bila kubembelezwa. Iliyobaki ni kurekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa. Hapa watu hukosea kwa kutojua skrubu waliyonayo: ile ndogo ya pembeni ikiwa upande wa chujio la hewa, ukiifungua unaongeza hewa, ikiwa upande wa injini, ukiifungua unaongeza petroli. Nimeizungusha taratibu injini ikiwa moto hadi mngurumo ukapanda juu kabisa, kisha nikaushusha kwa skrubu ya slaidi.

Mwinuko nao una neno. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Molo, kwenye mita 2,500, inafika karibu 74. Petroli inayotoka kwenye jeti haipungui kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo kadiri unavyopanda mchanganyiko unazidi kuwa mzito, yaani petroli inazidi hewa, na plagi inakuwa nyeusi. Mwalimu huishi na kutembea huko juu. Nimepanda nayo kupitia Njoro na Elburgon hadi Molo, nikazima injini pale pale, nikafungua plagi. Ilikuwa nyeusi kidogo. Nimepandisha kishikizo cha sindano notchi moja, yaani sindano ikashuka na petroli ya mwendo wa kati ikapungua, nikarudi hadi Elburgon na kupanda tena. Safari hii plagi imetoka rangi ya kahawia ya maziwa, na kwenye kilima haikusita hata nilipofungua mafuta ghafla.

Nimepitisha kidole chini ya bakuli kila niliposimama. Kavu.

Kwenye karatasi niliyompa Mwalimu nimeandika: bakuli, M4 ya hatua 0.7 zote, tundu moja lina koili, jingine shaba, likivuja, badilisha mpira wa nitraili, usikaze. Amenisomea kwa sauti ili ahakikishe, akaikunja na kuiweka pamoja na kitabu cha pikipiki. Ameichukua jioni. Kebo ya breki ya mbele imeanza kukatika nyuzi upande wa mkononi. Tumepanga aniletee shule zikifungwa.